Kwa Nini Hedifoni Zako Hazidumu? Historia ya Kusikiliza, Kutoka Santuri ya Barazani Mpaka Sikio la Kijana wa Makangale

Pemba kuna ufukwe unaitwa Vumawimbi. Jina linajieleza lenyewe, hakuna haja ya kamusi. Uko pande za Makangale, ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, Wilaya ya Micheweni. Ukitoka Konde unapita msitu wa Ngezi, miti imefunga juu kama paa, ukitokeza upande wa pili unakutana na bahari. Mbele zaidi, Ras Kigomasha, kuna mnara wa taa uliosimama toka mwaka 1900.

Ni pazuri hatari. Ila kwa hedifoni, pale ni machinjioni.

Hewa ina chumvi. Mchanga ni mwembamba kama unga. Masika ikiingia, unyevu unafika mpaka ndani ya kabati. Ongeza na jasho la mtu anayechuma karafuu au anayesukuma ngalawa asubuhi. Jozi ya buku tatu iliyonunuliwa wiki iliyopita, leo inalia upande mmoja. Mwenyewe anaikunja waya pale penye pini, anaishikilia kwa kidole gumba, inalia. Akiachia, kimya. Mchezo huo kila mtu anaujua, wa Makangale mpaka wa Kariakoo.

Tofauti ni kwamba wa Kariakoo akikwama anavuka barabara tu, duka lingine hilo. Wa Makangale anapanda gari mpaka Konde, na akikosa anasogea Wete au Chake. Kwa hiyo pesa ya hedifoni mbovu kwake ni pesa ya hedifoni, plus nauli, plus nusu siku. Hapo ndo swali la "zipi zinadumu" linapokuwa swali la maana na siyo la mapambo.

Jibu lake zuri liko kwenye historia. Ukijua hiki kidude kimetoka wapi, unajua pia kinafia wapi.

ZAMANI SAUTI ILIKUWA YA WOTE

Kabla hujafika kwenye waya wa sikioni, kumbuka kwamba Zanzibar mtu kusikiliza peke yake ni jambo la juzi tu.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alisafiri na kundi lake mpaka Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Zile santuri ziliporudi mwambao, hazikusikilizwa chumbani. Zilisikilizwa kwenye migahawa ya kahawa na mabarazani. Gramafoni ilikuwa inazungushwa kwa mkono, haitaki umeme, na mwenye nayo mmoja alikuwa anawasikilizisha mtaa mzima.

Mwaka 1951 ikaja Sauti ya Unguja. Redio nayo ikaingia kwa staili ile ile: moja barazani, watu kumi pembeni, kahawa inapita. Hata habari nzito zilifika hivyo hivyo. Januari 1964, wakati wa Mapinduzi, watu wengi visiwani walisikia kinachotokea kupitia sauti ya John Okello redioni. Waliokuwa mbali na mji walikuwa wamekusanyika kwenye redio ya jirani.

Sasa angalia vizuri hiyo redio ya jirani. Ilikuwa nzito, ina spika kubwa, haibebwi mfukoni, haikunjwi, hailaliwi. Ndiyo maana ilikuwa inaishi miaka. Ikiharibika, fundi anafungua mgongo, anaona kila kitu kwa macho, analehemu, anafunga. Udumu wake haukuwa muujiza, ni kwamba kilikuwa kitu kinachofunguka. Hilo neno "kinachofunguka" lishike, litarudi.

JIKONI KULE UTAH

Huku mambo yakiwa hivyo, hedifoni yenyewe ilikuwa imeshazaliwa mbali sana, tena jikoni.

Mwaka 1910 kule Utah, Marekani, jamaa mmoja anaitwa Nathaniel Baldwin alipeleka jozi aliyotengeneza nyumbani kwake kwa Jeshi la Majini la nchi hiyo. Kilichomsumbua, inasimuliwa, ni kwamba alikuwa hasikii vizuri mahubiri kwenye jengo kubwa la ibada. Mtu yeyote aliyewahi kukaa safu ya mwisho msikitini siku spika zimegoma anamwelewa kabisa.

Wanajeshi wakajaribu, wakakuta sauti ni kali kuliko chochote walichokuwa nacho. Wakataka mzigo mkubwa. Jamaa akawajibu anaweza kutoa kumi kumi tu kwa wakati mmoja, maana kiwanda ndo jiko lake. Zilikuwa zinatumika kusikiliza mawasiliano ya redio melini, yaani baharini, kwenye chumvi ile ile ya Vumawimbi. Zilikuwa za waya mnene na vyuma. Hazikuwa nzuri usoni, ila hazikuwa za kutupa.

Kwa muda mrefu hedifoni ikabaki kifaa cha kazi: jeshi, simu, redio. Muziki ulikuja kuikamata baadaye. Mwaka 1958 kule Milwaukee, John Koss alikuwa anaonesha mashine ya kupigia santuri, akaweka na hedifoni za stirio pembeni kama nyongeza. Watu wakaiacha mashine, wakang'ang'ania hedifoni. Biashara ikageuka hapo hapo.

KIDUDE CHA SIKIO MOJA NA BETRI JUANI

Hedifoni kubwa za Marekani hazikuwa habari ya Pemba. Kilichobadilisha mambo huku ni transista. Miaka ya 1950 na 1960 redio zikaanza kuwa ndogo, zinatumia betri, zinabebwa shamba. Dar es Salaam kukawa na kiwanda cha betri za National, na jina National likawa jina la redio mdomoni mwa watu wazima mpaka leo. Betri zikichoka zinaanikwa juani, zinapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Muulize babu.

Redio nyingi za aina hiyo zilikuja na tundu dogo ubavuni, na kidude cha kuchomeka sikio moja. Ile pini ndogo ya milimita 3.5 unayoijua leo ilipata umaarufu zama hizo. Ni mtoto wa pini kubwa ya milimita 6.35 iliyokuwa inatumiwa na waunganisha simu toka karne ya 19, wale waliokuwa wanachomoa na kuchomeka waya kutwa nzima. Kwa maneno mengine, pini iliyoko kwenye simu yako ya Tecno ina ukoo wa zaidi ya miaka 100. 

Na kwa nini imeishi hivyo? Kwa sababu haina ujanja. Ni kipande cha chuma chenye mistari, kinagusa chuma kingine. Kutu ikiingia, unafuta. Waya ukikatika, unalehemu.

1979: WALKMAN NA AIBU YA KUSIKILIZA PEKE YAKO

Julai 1, 1979 Sony wakatoa Walkman Japani, bei yen 33,000. Ilikuja na hedifoni nyepesi za sponji, gramu 50 hivi, wakati za kabla yake zilikuwa nzito kama mzigo.

Kuna kitu kizuri hapa. Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unapungua na mnasikilizana mkiongea. Bosi wa Sony, Akio Morita, aliona ni kukosa adabu mtu kukaa na mwenzake huku anasikiliza peke yake. Mjapani alikuwa na wasiwasi ule ule wa bibi wa Kipemba anayeona mjukuu kaziba masikio mbele ya wageni! Bahati mbaya wanunuzi hawakujali. Matoleo ya baadaye tundu la pili likaondoka, na dunia ikazoea.

Visiwani kwetu kaseti na Walkman viliingia hasa baada ya Zanzibar kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa katikati ya miaka ya 1980. Wapemba wana ndugu Muscat na Dubai toka enzi, na begi la anayerudi likifunguliwa, humo ndani ungekuta redio kaseti, Walkman na kaseti za taarab na mawaidha. Kitu kikitoka Uarabuni kilikuwa na heshima yake. Kilikuwa kinafungwa kwenye kitambaa, kinawekwa juu ya kabati, hakishikwi na watoto.

Ila sponji ilileta ugonjwa mpya. Hedifoni ikawa nyepesi, waya ukawa mwembamba, na kwa mara ya kwanza kitu hicho kikaanza kukunjwa na kutiwa mfukoni. Sehemu inayokunjwa ndiyo inayokufa. Kuanzia hapo mpaka leo kifo ni kile kile: pale waya unapoingia kwenye pini, na pale unapogawanyika kwenda masikio mawili.

2010 NA 2016: MIAKA MIWILI ILIYOBADILISHA KILA KITU

Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, kwa ufadhili wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kinategemea majenereta ya dizeli. Kuchaji simu kukaacha kuwa safari kwa watu wengi, na simu ikachukua nafasi ya redio, kaseti na santuri kwa mpigo mmoja.

Halafu 2016 yakatokea mambo mawili, moja Dodoma na Dar, lingine California.

La kwanza: Juni 16, 2016, usiku, TCRA ilizima simu feki nchi nzima. Simu yenye namba ya IMEI isiyo halali ikageuka kioo cha kujitazamia. Kelele zilikuwa nyingi, lakini watu wakajifunza kukagua simu kabla ya kutoa hela. Sasa jiulize: hedifoni ina IMEI? Haina. Hakuna mtu wa kukuzimia hedifoni feki. Unaizima mwenyewe, wiki ya pili, kwa kidole gumba kwenye pini. Ndiyo maana soko la simu likasafishwa angalau kidogo, na soko la hedifoni likabaki msituni.

La pili: Septemba 2016 Apple wakatoa iPhone 7 bila tundu la pini, na Desemba zikaanza kuuzwa AirPods. Simu za bei ya kawaida Afrika Mashariki, kina Tecno, Itel na Infinix, ziliendelea na tundu. Lakini fasheni ilikuwa imeshahama. Ghafla kijana mwenye waya akaanza kuonekana wa zamani, na maduka yakajaa vikasha vyeupe vinavyofanana na vya Apple, vya elfu kumi na kitu.

Hapa ndo historia inageuka vibaya kwa mnunuzi wa kawaida. Kila hatua ya nyuma, toka redio ya mbao mpaka Walkman, kitu kilikuwa kinafunguka. Fundi wa Konde alikuwa na la kufanya. Hivi vidude visivyo na waya vimegundishwa kwa gundi, ndani kuna betri ndogo kuliko punje ya harage. Betri ya lithiamu kwa kawaida inaanza kuchoka baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji. Ukichaji kila siku, piga hesabu: ni miezi 10 mpaka 16 hivi, na hapo ni kama ni og. Ikichoka, hakuna kuanika juani. Unatupa.

Na hapo haijahesabiwa ile ya kimoja kudondoka mchangani. Sikio moja likizama Vumawimbi, limeenda.

SASA KIJANA WA MAKANGALE ANUNUE NINI?

Historia imeshajibu karibu yote. Hedifoni haifi kwa sababu ya chapa, inafia kwenye viungo. Kwa hiyo kagua viungo, siyo boksi.

Pini kwanza. Tafuta yenye umbo la L. Simu ikikaa mfukoni, pini iliyonyooka inakunjwa kila unapokaa, ya L inalala ubavuni. Kisha angalia shingo ya pini, ile mpira mdogo inayoshika waya. Ikiwa ndefu na laini, inakunjika pole pole. Ikiwa ngumu kama plastiki ya kalamu, waya utakatikia hapo hapo.

Waya. Ulio bapa au uliosukwa kwa uzi haujifungi fundo haraka. Ila kusukwa kwa nje si dhamana, kama shingo ya pini ni mbovu umenunua nguo nzuri ya mgonjwa.

Jaribu kabla ya kulipa. Chomeka kwenye simu yako, siyo ya muuza duka. Piga wimbo unaoujua, halafu zungusha pini taratibu, tikisa waya pale unapogawanyika. Ikikwaruza mara moja dukani, nyumbani itakufa. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake. Kisha piga simu moja, uone kama wa upande wa pili anakusikia. Muuzaji akikukataza kujaribu, ameshakupa jibu.

Kama simu yako haina tundu, kuna za waya za Type-C. Hazihitaji chaji. Hili ni jambo ambalo watu wengi hawalijui, wanadhani kukosa tundu maana yake lazima Bluetooth.

Ukitaka Bluetooth kweli, za shingoni zina akili zaidi kwa mazingira ya pwani. Betri yake ni kubwa kidogo, na sikio likichomoka linaning'inia shingoni, halizami mchangani. Angalia alama ya IPX4, maana yake inavumilia matone na jasho. IP67 inazuia vumbi na inavumilia kuzama maji ya mita 1 kwa dakika 30. Lakini kaa ukijua: vipimo hivyo vinafanywa kwa maji baridi, siyo ya bahari. Chumvi ina sheria zake. Ukitoka pwani, futa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kausha kivulini, ndo uchaji. Ukichaji ikiwa na chumvi, vile vyuma vya chaji vinaliwa na kutu.

Za kufunika sikio ni nzuri kwa anayesoma au kuedit video nyumbani. Nunua ambayo waya wake unachomoka pande zote mbili na sponji zake zinabadilishwa. Ikiharibika waya, unanunua waya, siyo hedifoni. Ni ile redio ya jirani imerudi: kitu kinachofunguka.

Bei. Chukulia mtu ananunua za 3,000 kila baada ya miezi 2. Kwa mwaka ni 18,000, na mara 6 za kwenda dukani na nauli juu. Mwenzake kanunua za 15,000 zenye pini ya L na shingo laini, akaziwekea kikopo kidogo cha plastiki badala ya kuzizungushia kwenye simu. Zikimaliza mwaka, yeye ndo katumia kidogo. Rahisi ni ile inayokaa.

Na fundi asisahaulike. Pini mpya na dakika kumi za kulehemu ni hela ndogo. Hedifoni nzuri ya waya inaweza kukatwa na kuunganishwa mara mbili, tatu. Feki kabisa haiungiki, maana waya wake ndani ni nyuzi chache, moto ukigusa zinaisha.

SIKIO HALINA SPEA

Kuna sababu moja zaidi ya kutonunua takataka, na hii haihusu pesa.

Hedifoni mbaya haizuii kelele za nje, na besi yake ni ya kubahatisha. Mtu akipanda gari la Konde injini inaunguruma, anaongeza sauti. Akiwa kwenye boti ya mashine, anaongeza tena. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza mpaka saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20. Kwa wiki nzima, siyo kwa siku! Shirika hilo hilo linakadiria vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya mazoea haya.

Vile vinyweleo vidogo ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena. Pini unabadilisha, waya unabadilisha, simu unabadilisha. Hicho hakibadilishwi Wete, wala Muhimbili, wala Muscat.

Kwa hiyo chagua yenye vipira vinavyokaa vizuri sikioni, maana ikiziba vizuri huna haja ya kupandisha sauti. Usipitishe nusu au kidogo juu ya nusu. Ukiwa barabarani au kwenye bodaboda, toa kabisa. Na ukiwa baharini sikio liwe wazi, kwa sababu mvuvi anasoma upepo na wimbi kwa masikio kabla ya macho.

Siti binti Saad alipanda meli mpaka Bombay ili sauti ya Kiswahili isikike. Sisi tunabeba santuri zote za dunia mfukoni, na kinachotukwamisha ni waya wa buku tatu. Makosa hayo yanarekebishika dukani, kwa dakika mbili za kukagua pini.

Jozi yako ya sasa ina umri gani, na ilianza kufia wapi: pini, katikati au sikioni? Dondosha hapo chini, wa Konde, Wete na Chake waje na bei za kwao.